Tarehe ya Baba

11 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo wako umetulia na zamu zimepungua. Sisi hatujambo. Wifi yako amefunga mkanda mpya kwenye cherehani na tangu Jumatatu nyumba haina ukimya. Mimi bado nipo ofisi ya ramani, meza ile ile ya dirishani, nachora mipaka ya viwanja vya watu wasiojua kwamba viwanja hivyo havitakuwa vyao muda mrefu.

Hapo ndipo ilipo sababu ya kukuandikia. Mwezi uliopita nilifungua sanduku la Baba, lile la bati. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa suti yake, nikakuta daftari. Kurasa tisini na sita, Dada, na hakuna mstari uliopinda. Majuma sabini ya Danieli, siku moja kuhesabiwa mwaka mmoja, pembe za mnyama, yote ameyapanga kama ramani. Mwishoni ameandika tarehe moja na kuizungushia wino mwekundu: 13 Septemba, mwaka niliozaliwa mimi.

Najua utacheka. Dunia haikuisha siku hiyo. Lakini nimekaa na daftari hilo wiki tano na rula yangu, nimegundua Baba alikosea mahali pawili tu. Alihesabu mwaka wa sifuri, mwaka ambao haukuwahi kuwapo. Pia alisahau kuongeza kizazi kimoja, yaani miaka arobaini. Ukisahihisha, unapata miaka arobaini na mmoja juu ya tarehe yake. Mwaka huu, Dada. 13 Septemba.

Nami nilizaliwa siku tatu baada ya tarehe ya Baba. Mtu mwenye macho ataona hapo mkono wa nani. Watu wanane wanakuja sebuleni kwangu kila Jumapili alasiri, akiwemo fundi viatu wa pale kona na mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Si wengi, lakini si kama kwenu, ambako watu huenda ibadani kama waendao kunyoa, dakika arobaini wamerudi nyumbani.

Jiandae.

Mdogo wako

---

3 Machi

Rula,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikisubiri vyombo vya kujifungulia vichemke. Vilichemka kabla hujafika kwenye jambo lenyewe.

Mimi mzima. Wodi yetu imepakwa rangi ya kijani inayotia kichefuchefu, na tumeletewa muuguzi mkuu mpya anayehesabu pamba. Mwanangu amehamia ghorofa ya tatu, akapandisha kabati kwa ngazi, sasa analalamika kiuno. Mwambie wifi yangu nangoja gauni aliloniahidi.

Sasa hilo la kwako. Wewe ni mchora ramani. Ukikuta ramani ya mtu imeonyesha mto mahali ambapo hapana mto, unafanya nini? Huendi kuusogeza mto hatua arobaini na moja kulia ukasema jamaa alikuwa fundi. Unaitupa ramani. Mzee aliandika dunia itaisha, haikuisha. Kosa lake si mwaka wa sifuri.

Hao wanane wako nawaona kama nipo hapo sebuleni. Fundi viatu hajamaliza viatu vya mteja tangu Krismasi, sasa amepata sababu ya kitabu. Mwalimu mstaafu amekosa watoto wa kuwafokea. Nawe katikati yao na rula. Mungu aliyeumba jua na mwezi angoje umalize kujumlisha ndipo ajue siku ya kuja.

Daftari la Baba lirudishe sandukuni. Afadhali ulichome. Kuhusu siku uliyozaliwa, sina la kusema.

Dada yako

---

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mvua zimeanza na paa la ofisi linavuja kwenye kabati la ramani za zamani. Bosi ameweka ndoo. Huo ndio mpango wa serikali.

Umeandika mengi ya kejeli na sentensi moja ya kweli: huna la kusema. Nilijua utanyamaza hapo. Mambo ya namna hii hayamngoji mtu wa vibandiko na mikasi.

Najua pia jiwe mtakalonirushia, maana fundi viatu alilirusha kabla yako, naye angalau aliuliza kwa adabu. Mtasema Bwana mwenyewe alisema siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Vizuri. Siku na saa. Alitaja mwezi? Alitaja mwaka? Mtu akikuambia hajui basi litafika saa ngapi, hajakuambia hajui kama ni basi la leo. Isitoshe alisema hayo kabla hajapaa. Baada ya hapo tukapewa Ufunuo, na ufunuo maana yake ni kufunua. Wachungaji wenu wanalipenda lile neno la kwanza kwa sababu linawaruhusu kulala.

Baba hakulala. Nilimkuta mara nyingi nikiwa mdogo amekaa mezani anatazama ukuta. Mlimwita mtu aliyevunjika. Mimi sasa najua alikuwa amekaribia.

Nimeacha kupokea kazi za mwakani ofisini. Bosi ananitazama kama mgonjwa. Namtazama vivyo hivyo.

Mdogo wako

---

5 Mei

Rula,

Marahaba. Nafurahi kwamba ndoo ipo.

Nikueleze kitu kuhusu tarehe, kwa kuwa umeamua kunifundisha. Nina miaka thelathini katika kazi hii. Kila mama anayeingia nampa tarehe ya matarajio. Naihesabu kwa vidole, naiandika kwenye kadi kwa herufi kubwa. Unajua wangapi wanajifungua siku hiyo? Katika mia, hawazidi watano. Wengine wanawahi, wengine wananichelewesha mpaka natamani kuingia kumtoa mtoto kwa kumvuta sikio. Na hapo najua mimba ilipoanza, namgusa mama tumbo, nasikia moyo wa mtoto. Wewe umegusa nini? Karatasi.

Bwana mwenyewe alipotaka mfano alisema mambo hayo yatakuwa kama utungu. Alichagua neno la wodini, hakuchagua la ofisi ya ramani. Mtu wa utungu hahesabiwi, anakaliwa karibu. Lakini ninyi wanaume mkisikia utungu mnatafuta saa ya ukutani.

Na basi lako. Mtu akikuambia hajui basi litafika lini, ukauza kitanda chako ukalale kituoni, wewe si abiria mwaminifu. Wewe ni mtu asiye na kitanda.

Kuhusu Baba na ukuta aliokuwa akiutazama, acha. Nakuomba uache.

Jambo jingine. Barua iliyopita hukumtaja wifi yangu hata kwa nukta. Amekuwaje? Gauni silioni, salamu sizioni, hata cherehani huisemi tena.

Dada yako

---

20 Juni

Dada,

Nimechelewa kujibu kwa kuwa darasa limekua. Sasa ni kumi na wawili. Mwalimu mstaafu amepitia hesabu zangu zote kwa penseli na hakupata kosa hata moja, na huyo ni mtu aliyewakamata watoto wa shule miaka thelathini na sita.

Wifi yako yupo. Hatoki sana. Miguu inamvimba kidogo na kichwa kinamuuma mchana, nadhani ni kuinamia cherehani. Nimemwambia apunguze kazi, kwani nguo anazoshona zitavaliwa na nani?

Nina swali, kwa ajili ya darasa tu. Pale kwenye Mathayo inaposemwa ole wao wenye mimba na wanaonyonyesha siku zile. Wewe unaishi na watu hao kila siku. Unadhani ni laana, au ni huruma? Nimejaribu kulichambua neno hilo na kila nikilipindua linabaki pale pale. Wenzangu wanangoja jibu.

Mdogo wako

---

4 Julai

Mdogo wangu,

Hukuniamkia safari hii. Nimeona, na sina muda wa kukasirika.

Ana miezi mingapi?

Usinizungushe. Mtu anayeniandikia kuhusu miguu kuvimba, kichwa kuuma mchana na wenye mimba wa Mathayo katika barua moja haulizi kwa ajili ya darasa. Miaka kumi na minne mlisubiri mtoto. Mimi mwenyewe nilimpeleka wifi yangu kwa madaktari watatu, nikamshika mkono akitoka kwa kila mmoja. Leo ana mimba na unanificha mimi, mkunga?

Sikiliza vizuri sasa. Umri wake, mimba ya kwanza, miguu, kichwa. Akiona vimulimuli machoni, au maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, ni siku hiyo hiyo, si kesho yake. Apimwe presha kila wiki. Tunaita kifafa cha mimba na nimekiona kikimchukua mama akiwa katikati ya sentensi.

Nimepiga simu ofisini kwako mara mbili. Karani anasema umetoka. Nilisikia sauti yako nyuma yake ukimwambia aseme umetoka.

Swali lako: ni huruma. Mtu yeyote aliyewahi kukaa na mjamzito angejua bila kulipindua neno.

Nijibu.

Dada yako

---

2 Agosti

Dada,

Shikamoo. Ni kweli. Ana miezi saba.

Nilijua Aprili. Alinionyesha kadi ya kliniki, akicheka na kulia kwa pamoja, nami nilikuwa na kalamu mkononi, katikati ya jedwali. Sikujua niweke uso gani. Tarehe waliyomwandikia ni 6 Oktoba. Unaona mwenyewe. Oktoba haipo.

Usifikiri sikufurahi. Lakini wewe hujawahi kusimama mbele ya watu kumi na wawili waliokuamini. Fundi viatu alimwona mke wangu akipita na maji ya kunywa, akaniuliza mbele ya wote, kama utani, "Mwalimu, wewe unayetukataza kupanda, mbona umepanda?" Wakacheka wote. Nilieleza kwamba ilitokea kabla hesabu haijakamilika. Wakacheka tena.

Daktari amemwambia alazwe mwanzoni mwa Septemba akae chini ya uangalizi. Nimekataa. Si kwa ubaya. Fikiria: nimewaambia watu hawa waache kila kitu, halafu mke wangu aonekane na sanduku la vitambaa vya mtoto kwenye mlango wa hospitali, siku kumi kabla. Watasema mimi mwenyewe siamini. Na mimi naamini, Dada. Mungu aliyempa mimba baada ya miaka kumi na minne hashindwi kumlinda wiki moja na nusu.

Yeye yuko kwenye cherehani. Anashona.

Usinipigie tena simu ofisini. Nimeacha kazi.

Mdogo wako

---

17 Agosti

Mdogo wangu,

Habari za kwangu zikae pembeni leo. Nimeomba likizo nije, nimenyimwa hadi Oktoba. Mwenzangu amevunjika mguu na wodi nzima ni mimi na wanafunzi wawili. Kwa hiyo nitafanya kwa kalamu kile ambacho ningekifanya kwa mikono.

Daftari la Baba linaishia ukurasa wa tisini na sita. Nitakuambia kilichofuata.

Uliambiwa Mama alikufa kwa homa ulipokuwa na wiki mbili. Mimi ndiye niliyekuambia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipotunga uongo huo, nikaulea pamoja nawe.

Tarehe kumi na tatu ile ilifika. Tulivaa nguo safi, tukakaa sebuleni, Mama kwenye kiti kwa sababu ya tumbo. Siku ikapita. Kesho yake asubuhi utungu ukamshika. Baba alifurahi, Rula. Aliinuka mezani uso unang'aa, akasema utungu umeanza, ndiyo dalili, bwana arusi amekawia siku tatu tu, tuongeze siku tatu. Mama alikuwa ameshika ukingo wa kitanda.

Mchana wa siku ya pili mtoto alikuwa hashuki. Wewe ulikuwa umekaa vibaya. Leo ningekugeuza au ningemkimbiza chumba cha upasuaji, na nusu saa ingetosha. Jirani yetu wa ukuta wa pili alikuwa na gari. Mama akaniita karibu akaniambia, "Nenda kamwite jirani." Nilifika mlangoni. Baba alikuwa amesimama pale. Hakunipiga, hakunipigia kelele. Alisema, "Kaa. Tunakwenda juu, hatuendi hospitali."

Nikakaa.

Hilo sijamwambia mtu. Nilikaa kwenye kigoda kando ya mlango, jirani yuko hatua ishirini, namsikia anapiga nyundo. Ulizaliwa asubuhi ya tarehe kumi na sita, umekuwa wa buluu. Mama alikwisha kabla ya adhuhuri. Baba alirudi mezani, akavuta karatasi, akasema, "Hesabu imekosewa." Hesabu. Hakuna siku hata moja katika maisha yake aliyosema yeye ndiye aliyekosea. Ule ukuta aliokuwa akiutazama ni ukuta wa chumba kile.

Siku tatu unazozihesabu kuwa mkono wa Mungu ni siku tatu ambazo Mama alikuwa na utungu.

Mpeleke wifi yangu hospitali. Bwana akija tarehe hiyo, hatakosa anwani.

Dada yako

---

30 Agosti

Dada,

Nimesoma ukurasa wa kwanza hadi ulipotaja nguo safi. Nimeurudisha pamoja na mingine kwenye bahasha, ipo ndani ya saraka ya meza. Marehemu hawezi kujitetea nami sitakuwa hakimu wa uvumi wa mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Zimebaki wiki mbili. Nakuombea.

Mdogo wako

---

24 Septemba

Dada,

Shikamoo.

Wapo hai wote wawili. Naliweka hili mwanzo kwa sababu najua utaanza kusoma kwa kulitafuta.

Ilikuwa Jumapili, tarehe saba, asubuhi. Nilitoka kununua karatasi kubwa za kuchorea jedwali la mwisho. Niliporudi nikamkuta wifi yako amesimama sebuleni na begi, na barua yako mkononi. Alikuwa akitafuta uzi kwenye saraka. Nikasimama mlangoni, nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Hospitali. Tangu juzi naona vimulimuli."

Nilimwambia zimebaki siku sita. Hakubishana. Alininyooshea kurasa zako akaniambia, "Soma kuanzia pale ulipoacha. Nakungoja. Ukimaliza, kama bado unataka kunizuia, nizuie."

Nikasoma pale pale nimesimama. Nilipofika kwenye lile neno moja, "Kaa," nikaona miguu yangu mwenyewe ilivyoziba mlango. Nikasogea pembeni. Akapita.

Sasa jambo ninaloona aibu kuliko yote. Sikwenda naye. Darasa lilikuwa saa tisa na karatasi zilikuwa hazijachorwa. Nilimtazama dirishani anabeba begi, anapumzika kwenye nguzo, anaendelea. Nikakaa nikachora. Kama unatafuta kitu cha kudharau, usihangaike na mengine, chukua hicho.

Jumamosi tarehe kumi na tatu walikuja wote kumi na wawili. Nilikuwa na taarifa tangu Alhamisi kwamba amepasuliwa, sikujua zaidi ya hapo, sikuuliza. Tukakaa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kungoja mwisho wa dunia kunachosha. Kufika saa nane mwalimu mstaafu alikuwa anakoroma. Fundi viatu, aliyekuja na viatu vimeng'arishwa, akaomba kujua kama inafaa kwenda msalani. Watu wakaanza kuzungumza bei ya saruji.

Jua lilipokuwa linashuka mwalimu akaamka, akatoa penseli nyuma ya sikio, akasema labda tumesoma vibaya, bwana arusi alikawia, tuongeze siku tatu. Dada, maneno yale yale. Huyo hajawahi kumwona Baba wala barua yako. Nikaona kwamba hakuna aliyeyafunua. Yanapatikana tu, kama mtu yeyote anavyoweza kuokota jiwe akilihitaji.

Nikasimama nikasema, "Nilikosea."

Mwalimu akanisahihisha kwa upole. "Unataka kusema hesabu ilikosewa."

"Hapana," nikasema. "Hesabu ni sawa. Mimi ndiye niliyekosea."

Hawakukasirika kwa tarehe, walikasirika kwa hilo. Wangenisamehe kosa la mwaka mzima. Fundi viatu alisema nimeuza imani kwa ajili ya nepi, na akanitaka nirudishe jedwali kwa kuwa ni mali ya darasa. Nikamwachia. Nasikia sasa wanakutana dukani kwake, mwalimu amepata tarehe mpya mwezi Machi. Wakinikuta barabarani wanavuka upande wa pili, na ukiniuliza, wanavuka vizuri; nami ningevuka.

Siku ya pili nilikwenda hospitali. Muuguzi wa mlangoni akaniuliza mimi ni nani wa mgonjwa, nikachelewa kujibu mpaka akanitazama vizuri. Akaniambia presha ilipanda siku ya tatu aliyolazwa, walimkimbiza, na kwamba kama angeletwa siku hiyo kutoka nyumbani wasingekuwa na la kufanya. Alisema hivyo akiandika, bila kuniangalia, kama mtu anayesoma orodha. Ni mtoto wa kike. Kilo mbili na robo.

Wifi yako aliniuliza, "Umefuata nini?" Sikutunga jibu. Nikakaa kwenye benchi la korido. Siku ya nne akamtuma muuguzi aje kuniambia ninawe mikono kisha niingie.

Sasa wapo nyumbani. Nalala sebuleni. Nafua, naanika, nachemsha. Ananiambia yanayohusu maji na chumvi, basi. Ofisi imenirudisha, lakini si dirishani. Nipo kwenye lile kabati linalovujiwa.

Nakuomba mambo mawili. Mwandikie wifi yako aseme nami. Na la pili, niambie kuhusu Mama. Kitu chochote. Baba alikuwa akisema alikufa akiomba.

Kuhusu kigoda, nimekusamehe.

Mdogo wako

---

9 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliisomea chumba cha mashuka, na mwanafunzi mmoja aliyeingia akatoka mbio kumwambia muuguzi mkuu kwamba nimefiwa. Nimemwacha aamini hivyo, nilipewa chai.

La kwanza, sitamwandikia. Mimi si wakili wako. Ulikuwa na darasa la watu kumi na wawili na ulimi wa kuwafanya waache kazi zao, leo unashindwa kuzungumza na mwanamke mmoja aliye chumba cha pili? Endelea kufua. Usimhubirie, usimwombe msamaha kila saa ili akupumzishe wewe. Siku atakayotaka kusema atasema, na tafadhali usijaribu kuikokotoa.

Kuhusu kunisamehe, sikukuomba. Aliyestahili kuombwa hakuwahi kunilaumu, na hilo ndilo lililonikalia shingoni miaka yote. Watoto niliowapokea hawahesabiki, na kila mama anaposema naomba mumwite fulani, mimi huwa wa kwanza kufika mlangoni. Wenzangu wanadhani ni bidii. Sasa wewe unajua. Usilizungumzie tena, lakini nafurahi unajua.

Na fundi viatu asikusumbue. Mtu asiyeweza kurudisha viatu kwa tarehe aliyoahidi ana haki gani na Machi.

La pili, Mama. Hakufa akiomba. Hilo Baba alilitia chumvi ili lifanane na daftari. Nilikuwepo, yeye alikuwa mezani. Uliponyamaza baada ya kutoka nikakusugua kwa kanga mpaka ukalia, na Mama akauliza, "Ni nini?" Nikamwambia wa kiume. Akafumba macho kidogo, nikafikiri ndiyo basi, kumbe alikuwa anafikiri. Akafungua akaniambia nikupeleke kwa mke wa jirani, ana maziwa, anyonyeshe na wa kwake. Kwamba kesho nikulaze ubavu wa kulia maana wa kushoto umejibana. Kwamba ukifika miezi sita nikukatie ile shuka ya maua, imelainika, isikuchubue. Na kwamba shuleni nisikubali ukae nyuma, kwa sababu watoto wa ukoo wetu hawaoni mbali.

Sauti ilikuwa inaisha, nikaweka sikio. Baba yuko chumba cha pili anatafuta siku ya mwisho. Mama alikuwa tayari amefika kwenye viatu vyako vya shule.

Nafika Alhamisi kwa basi la asubuhi. Naleta mizani yangu mwenyewe, maana kilo zenu siziamini.

Dada yako